Kwa Kijana Atakaye Kuongoza Kiwanda cha Madawati

Miongoni mwa kazi ambazo vijana wetu hawazitaji kamwe wanapoulizwa wanataka kuwa nani ukubwani, ilhali zina manufaa makubwa kwa umma na riziki ya kutosha kwa yeyote azifanyaye kwa uaminifu, ni kazi ya kuongoza kiwanda cha samani za shule: madawati, viti, meza za walimu, makabati ya vitabu na meza za maabara. Aghalabu hudhaniwa kwamba kazi hiyo ni useremala uliopanuka tu, na kwamba mwenye mtaji, karakana na jamaa anayefahamiana naye katika ofisi ya halmashauri amekwisha kukamilika. Dhana hii imewafilisi watu, na, jambo lililo baya zaidi, imewakalisha watoto wetu kwa miaka mingi juu ya vitu ambavyo havikutengenezwa kwa ajili yao. Nawaandikia basi vijana wa kike na wa kiume walio katika vyuo vya ufundi, katika idara za mauzo na katika karakana za wazazi wao, ambao wameanza kuiona njia hii mbele yao, niwaeleze kazi yenyewe ilivyo na tabia inayotakiwa kwa mwenye kuishika.

Jambo la kufahamu kabla ya yote ni kwamba katika biashara hii anayelipa siye anayekalia. Anunuaye viatu huvivaa mwenyewe, na vikimbana huvirudisha dukani siku ya pili. Lakini dawati hununuliwa na wizara, au halmashauri, au mwenye shule binafsi, au mfadhili aliye mbali, nalo hukaliwa na mtoto wa miaka saba ambaye hakuulizwa, hatatia sahihi hati ya kupokea mzigo, wala hana mjumbe katika kamati ya zabuni. Akiumwa na mgongo hajui kwamba ni dawati linalomuumiza. Hudhani ndivyo masomo yalivyo. Kwa hiyo mkuu wa kiwanda asipojifanya yeye mwenyewe kuwa wakili wa mtoto huyo, akamtetea mbele ya mnunuzi, mbele ya mhasibu wake, na mbele ya tamaa ya nafsi yake, mtoto hana mwingine wa kumsemea. Sifa hii naihesabu kuwa ndiyo shina la sifa nyingine zote za kiongozi wa kazi hii, na mengi nitakayoyasema hapa yanatokana nayo.

Wala kumtetea mtoto huyo si jambo jipya. Katika miaka ya 1860 daktari Fahrner wa Zurich aliandika juu ya mtoto na meza ya shule, akionyesha jinsi umbali mkubwa kati ya kiti na meza unavyomlazimisha mwanafunzi kujikunja. Na mwaka 1867 daktari wa macho Hermann Cohn, wa mji wa Breslau ambao leo ni Wrocław katika Poland, alichapisha matokeo ya kuwapima macho wanafunzi 10,060, akaona kwamba kadiri madarasa yalivyopanda ndivyo wasioona mbali walivyozidi, naye akaulaumu mwanga hafifu pamoja na madawati mabaya. Wataalamu wa siku hizi wana sababu nyingine za kutaja, walakini tangu wakati ule watengenezaji wa Ulaya hawakuweza tena kusema kwamba kimo cha kiti ni shauri la seremala peke yake.

Kuna kisa kingine ambacho kila kijana wa kazi hii angefaa kukitafakari. John Dewey, mwanafalsafa wa elimu, alipokuwa akiitafutia samani shule yake ya majaribio mjini Chicago, alizunguka madukani asipate alichokitaka, mpaka muuzaji mmoja, aliyekuwa mwerevu kuliko wenzake, akamwambia kwamba hawakuwa nacho, kwa kuwa yeye alitaka meza ambazo watoto wangefanyia kazi, na zao zote zilikuwa za kuketi na kusikiliza. Dewey alikisimulia kisa hiki katika mihadhara yake ya mwaka 1899 ili kuikosoa shule ya zama zake; mimi nakitaja ili tumwangalie yule muuzaji. Alikuwa na maarifa yote yaliyohitajiwa. Aliijua kasoro ya bidhaa yake, akaieleza kwa ufasaha, na mteja alikuwa amesimama mbele yake. Lakini, kwa kadiri kisa kinavyotueleza, aliishia hapo. Maria Montessori naye, alipofungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliyaacha madawati mazito yaliyozoeleka na kuagiza zitengenezwe meza nyepesi na viti vidogo ambavyo mtoto aliweza kuvibeba mwenyewe. Wanafalsafa na madaktari walilazimika kufanya kazi ambayo ilikuwa ya wenye viwanda. Kijana mwenye ghera asikubali kuwa muuzaji wa namna ile: akisikia kwamba bidhaa yake haifai, aende kwa mafundi wake siku ile ile.

Basi anza na kupima. Uombe ruhusa kwa mwalimu mkuu, uchukue futi ya kamba na daftari, uingie darasa la kwanza, kisha la nne, kisha la saba. Mketishe mtoto, nyayo zake zikiwa bapa sakafuni, upime toka sakafuni hadi nyuma ya goti, pale mguu unapokunjika. Hicho ndicho kimo cha kiti chake. Kisha mwambie alegeze mabega, mikono ikining'inia, upime toka ubao aliokalia hadi kwenye kiwiko. Uso wa meza uwe hapo, au juu yake kidogo. Utaona kwamba katika darasa moja la nne, kwa kuwa wengine walichelewa kuanza shule, wamo watoto waliopitana kwa kichwa kizima, na utafahamu kwa macho yako, bila kuambiwa na mtu, kwamba dawati la kimo kimoja kwa shule nzima ni dhuluma kwa nusu ya wanafunzi.

Litazame dawati kubwa lililopelekwa darasa la kwanza. Miguu ya mtoto yaning'inia, ukingo wa ubao wamkata chini ya paja, naye kila baada ya dakika chache hujisogeza mbele mpaka ameketi juu ya ncha, apate kuikanyaga sakafu walau kwa vidole. Meza i karibu na kidevu chake, basi akiandika mabega hupanda masikioni na kiwiko hutanuka ubavuni mwa jirani yake, na jirani humsukuma. Mwalimu, akiwa na watoto wengi mbele yake, huwaona hawa wawili kuwa watundu. Hakika watoto wengi wamechapwa kwa makosa ya fundi.

Wenzetu wa Ulaya wana kanuni iitwayo EN 1729, inayozigawa samani za shule kwa saizi, kila saizi na rangi yake: saizi ya 3, yenye alama ya njano, ni kiti cha sentimita 35 na meza ya sentimita 59, kwa mtoto mwenye kimo cha sentimita 119 hadi 142; saizi ya 5, ya kijani, ni kiti cha sentimita 43 na meza ya sentimita 71. Sisemi tuzinakili tarakimu hizo kama zilivyo, maana zilitokana na vipimo vya watoto wa huko. Nasema tuige insafu iliyo ndani yake. Saizi tatu kwa shule ya msingi, kila moja imepakwa alama ya rangi mguuni ili mfagiaji asizichanganye, ni jambo ambalo karakana yoyote ya mji wowote inaweza kulifanya bila mashine mpya. Mnunuzi akikuambia kwamba hati ya zabuni imetaja saizi moja tu, mwandikie barua ya staha, umpelekee vipimo vya watoto wake mwenyewe. Pengine hatakusikiliza mwaka huu. Lakini barua hubaki katika jalada, na mwaka ujao aandikapo hati mpya atakuwa na mahali pa kuanzia.

Pamoja na kumjua mtoto, sharti uijue karakana. Meneja anayekuja kiwandani kutazama hesabu peke yake hudanganywa na kila mtu, na mwisho hujidanganya mwenyewe. Ujue kwamba msonobari, kama ule utokao katika mashamba ya miti ya Sao Hill huko Mufindi, ni mbao nzuri na ya bei ya kadiri, lakini ikitumiwa mbichi husinyaa baada ya miezi michache, viungo vikalegea, misumari ikachomoza vichwa, na kichwa cha msumari kilichochomoza ndicho kinachozichana sare za watoto nchi nzima. Kwa hiyo nunua mbao mapema, uzipange kwa matabaka yenye nafasi ya kupitisha hewa, chini ya paa, uziache zikauke. Na mahali pa msumari utie skrubu au bolti, japokuwa gharama yake ni kubwa kidogo. Mbao isiyotiwa dawa huliwa na mchwa au kubunguliwa na wadudu, hususan katika shule za pwani na za vijijini ambako sakafu nyingine bado ni za udongo.

Katika madawati ya chuma, macho yako yaende moja kwa moja mahali pa kuchomelea, pale mkono unaobeba kiti unapokutana na mguu wa meza. Fundi aliyeharakishwa hutia nukta mbili tatu za moto, kisha hupaka rangi juu yake, na kwa macho ya anayepokea mzigo kiungo hicho hakina tofauti na kile kilichozungushwa vema. Tofauti huonekana katika mwezi wa tatu wa matumizi, maana dawati lililokusudiwa watoto watatu hukaliwa na wanne au watano, na wakati wa mapumziko husimamiwa na kurukiwa. Wakalishe juu yake watu wazima, uwaambie wayumbe mbele na nyuma mpaka wachoke, kabla hujaruhusu hata moja litoke mlangoni. Kadhalika uangalie ncha za miguu: bomba lililoachwa wazi hunywa maji kila darasa linapopigwa deki, likaoza kwa kutu toka chini ilhali juu bado linang'aa. Kifuniko cha mpira ni kitu cha bei ndogo mno, nacho huongeza umri wa dawati kwa miaka.

Nikiombwa mfano wa uongozi katika kazi hii, huutaja wa kampuni ya Hille ya Uingereza. Ilianzishwa mwaka 1906 mashariki ya London na Salamon Hille, mhamiaji aliyetoka Urusi, nayo ilijipatia sifa kwa samani za mbao zilizoiga mitindo ya kale ya Kiingereza. Binti yake Ray aliishika baada yake, kisha wakaja mjukuu wake Rosamind na mumewe, Leslie Julius. Hawa wawili, vita vya pili vya dunia vilipokwisha, waliirithi biashara yenye jina na wateja, na lingekuwa jambo rahisi kuendelea kuiga mitindo ya karne zilizopita mpaka uzeeni. Badala yake walimwendea mbunifu kijana, Robin Day, ambaye pamoja na mwenzake Clive Latimer alikuwa ametoka kushinda shindano la samani la Museum of Modern Art la New York, wakamwamini katika mambo ya ubunifu, wakaenda naye kwa miaka mingi.

Matunda ya imani hiyo yalionekana mwaka 1963, kampuni ilipotoa kiti chenye mgongo na kikalio cha kipande kimoja cha polipropilini, plastiki ambayo wakati ule ilikuwa mpya kabisa, kikiwa na miguu ya chuma. Plastiki huyeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu. Kalibu yenyewe ni ghali sana kuitengeneza, lakini ikishakuwapo, moja iliweza kutoa viti takriban 4,000 kwa wiki, na bei ya kila kimoja ikashuka hadi mahali ambapo hata shule ya serikali iliweza kuvinunua. Kabla ya kukisambaza walituma mamia ya viti kwa wasanifu majengo, wabunifu na waandishi wakitaka waambiwe ubaya wake, na mwaka uliofuata umbo lilirekebishwa. Mwaka 1971 wakatoa aina ya Series E, iliyokusudiwa shule hasa, kwa saizi tano, nayo ina tundu mgongoni ili mtoto akishike kwa urahisi anapokibeba. Viti vya jamii hiyo vimeuzwa kwa mamilioni, vimeenea katika shule, kumbi na viwanja vya michezo vya nchi nyingi, na mwaka 2009 picha ya kile cha kwanza ilitiwa katika stempu ya posta ya Uingereza.

Katika mwenendo wa Leslie na Rosamind Julius, lililo adimu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kukubali kwao kwamba mwingine alijua kubuni kuliko wao, bila kuona haya wala kijicho. Wakuu wengi wa viwanda vyetu hushindwa hapo. Humwajiri kijana aliyesomea ubunifu, kisha humkalisha kwenye kiti cha kuchora kile ambacho bosi amekwisha kukiamua. Kijana hukaa mwaka mmoja akaondoka, na kiwanda huendelea kutoa dawati lile lile. Ushujaa wa kutumia fedha nyingi katika kalibu kabla ya kuuza kiti kimoja nao ni sifa, lakini ni ushujaa uliokwenda na hadhari, kwani waliviweka viti machoni pa wakosoaji kwanza. Mwenye kuogopa lawama kabla ya mauzo atazipata baada yake, wakati ambapo hazirekebishiki.

Sasa niseme juu ya fedha, maana hapo ndipo wengi huanguka. Haja ya madawati katika nchi zetu haiji kwa mfululizo. Huja kwa mafuriko. Mwaka 2016, baada ya serikali ya Tanzania kuondoa ada katika elimu ya msingi na watoto kufurika shuleni, Rais John Magufuli aliagiza upungufu wa madawati umalizwe kufikia mwisho wa mwezi Juni; Bunge likatoa shilingi bilioni 6 lilizozibana katika matumizi yake, na kazi ya kutengeneza ikapewa Jeshi la Kujenga Taifa na Magereza. Kenya nayo mwaka 2020, kabla ya kuzifungua shule zilizofungwa kwa ajili ya Korona, ilitenga shilingi bilioni 1.9 ili madawati yanunuliwe kwa mafundi wa jua kali katika maeneo yao. Wakati kama huo aliye na mbao zilizokauka, mafundi waliofundishwa na kielelezo kilichojaribiwa ndiye anayeweza kufanya kazi ya heshima. Asiye navyo hukimbilia mbao mbichi. Usinunue mashine kubwa kwa mkopo ukitegemea furiko moja, kwa kuwa likipita riba hubaki.

Kumbuka pia kwamba mwaka wa fedha wa serikali, Tanzania na Kenya, huanza 1 Julai, na mwaka wa masomo hufunguliwa Januari. Aliyepeleka mzigo mwezi wa Mei huenda akalipwa baada ya miezi mingi, na katika miezi hiyo mafundi wake wana watoto wanaokula. Mimi namshauri kila mwenye kiwanda asimwache mnunuzi mmoja, hata akiwa serikali, azidi nusu ya mauzo yake. Shule binafsi, madrasa, makanisa, vyuo, kamati za wazazi, na hata kazi ya kukarabati madawati ya zamani, hulipa kidogo kidogo lakini hulipa kwa wakati. Ukarabati hasa umedharauliwa bure: kiunzi cha chuma kilicho kizima, kikitiwa mbao mpya, ni dawati jipya kwa sehemu ndogo ya gharama, na anayekuita kukarabati leo ndiye atakayekuagiza mapya kesho.

Vishawishi vya kazi hii havina haja ya kuelezwa kwa urefu, kila mtu anavijua. Bahasha anayopewa mjumbe wa kamati hulipwa na mtoto, kwa mbao nyembamba na nukta za moto. Lakini kuna hila nyingine ambayo wenye viwanda huiita umoja, nayo ni wazabuni kukutana faraghani na kugawana zabuni, huyu ya wilaya hii, yule ya wilaya ile, kila mmoja akimwandikia mwenzake bei ya juu ya bandia. Historia ina shahidi wake. Mwaka 1886 watu watatu waliokuwa wajumbe wa bodi ya shule za mji wa Grand Rapids, katika Marekani, walianzisha kampuni ya madawati kwa sababu waliyaona kwa macho yao madawati mabaya yaliyokaliwa na wanafunzi. Mwanzo wa namna hiyo ni mwema, ingawa leo mjumbe wa bodi ya shule angepaswa kutangaza maslahi yake na kutoka chumbani. Kampuni hiyo ilikua, mwaka 1899 ikaungana na washindani wake, na mwaka 1907 kampuni hiyo, ambayo sasa iliitwa American Seating, ilishtakiwa pamoja na wenzake mbele ya mahakama ya shirikisho mjini Chicago kwa kula njama juu ya bei za samani za shule na makanisa, ikatozwa faini. Shule zilizolipa bei zile zilikuwa za watoto wale wale ambao kampuni ilianzishwa kwa ajili yao.

Yaliyobaki ni ya murua wa kila siku. Mkuu wa kiwanda afikapo shuleni asiishie ofisini kwa mwalimu mkuu. Amwamkie na mlinzi, amwulize mfagiaji, maana hao ndio wanaojua dawati lipi huvunjika na huvunjikaje. Awape wachomeleaji wake miwani ya kinga kabla ya kujinunulia gari, na mshahara wao usingojee hundi ya serikali. Akikuta mzigo wake una kasoro, aurudishe kwa gharama yake bila kungoja barua ya malalamiko.

Nawe uliye na karakana ndogo na azma kubwa, usingoje tangazo la zabuni. Nenda wiki hii katika shule iliyo karibu nawe, upime watoto wa darasa moja, uandike vimo vyao, kisha uombe kuonyeshwa madawati yaliyovunjika, uyageuze moja moja uone yalipovunjikia. Ukirudi, tengeneza dawati moja tu kwa vipimo hivyo, ulipeleke shuleni bila malipo, na muhula utakapokwisha ulirudie ukalikague mbele ya mwalimu.